Mtoto wa Mtinko Anataka Kurusha Ndege: Akasome Wapi?

Kwa mtu wa Mtinko, ndege ndogo ya kuona kwa macho haiko Dar es Salaam. Ukishika barabara inayotoka Singida mjini kupitia Ilongero, ukaipita Mtinko yenyewe na Ngamu, utafika Haydom, wilayani Mbulu, penye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Hospitali hiyo ina kiwanja cha ndege, na kwa miaka mingi vindege vya shirika la kimisheni la MAF vimekuwa vikishuka huko na madaktari, dawa na wagonjwa. Mtoto wa ukanda huu aliyemsindikiza bibi yake kwenda kutibiwa anaweza kurudi nyumbani akiwa na habari ya ndege aliyoiona mwenyewe, si ya kwenye picha.

Mtoto huyo akishamaliza kidato cha sita, fizikia nzuri, hesabu nzuri, akasimama mbele ya wazee na kusema anataka urubani, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye fedha.

"Baba mkubwa, shikamoo. Nimepata chuo."

"Marahaba. Chuo gani?"

"Cha urubani, ng'ambo. Marekani. Nimekiona kwenye simu."

"Shilingi ngapi?"

Basi magunia ya alizeti yanaanza kuhesabiwa, na ng'ombe kutajwa kwa rangi zao.

Swali la baba mkubwa ni halali, ila limekuja mapema. Kabla ya shilingi ngapi kuna jingine: leseni hiyo kijana ataitumia wapi, na kwa kazi gani? Asipolijibu hilo, chuo chochote kitaonekana kizuri, maana matangazo ya vyuo vya ndege yanafanana kama mapacha: jua, ndege nyeupe, kijana wa shati jeupe lenye tepe mabegani. Makala haya yako upande wa baba mkubwa. Yeye ndiye mlipaji, na matangazo yale hayakuandikwa kumsaidia yeye.

LESENI ISIYOLIPA MSHAHARA

Tangazo likisema "uwe rubani kwa miezi mitatu", lisome tena. Kinachouzwa hapo karibu kila mara ni leseni ya rubani binafsi, ya kwanza kabisa kwenye ngazi. Mwenye nayo anaruhusiwa kurusha ndege ndogo, kupakia ndugu na marafiki, kuzunguka nchi mchana kweupe. Kulipwa kwa kazi hiyo haruhusiwi. Dereva mwenye daraja D anaendesha gari lake la nyumbani vizuri tu, lakini hakuna tajiri wa mabasi pale stendi ya Singida atakayemkabidhi abiria. Angani mambo ni hayohayo. Anayetaka mshahara lazima apande hadi leseni ya rubani wa biashara, na kiwango cha kimataifa huko ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Baada ya hapo kuna kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo wakati nje hakuonekani, kibali cha ndege za injini mbili, kisha mafunzo ya aina ya ndege atakayoajiriwa kuirusha. Rubani anayeshuka Haydom na daktari ameipanda ngazi hiyo, na ana mamia ya saa kwenye logibuku yake, yaani daftari la safari zake.

Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloweza kuifilisi familia. Shamba linauzwa kwa imani kwamba imenunuliwa ajira. Kijana anarudi na leseni halali, picha nzuri na saa 45, kisha anagundua kwamba hakuna kampuni inayoweza kumpa kazi kisheria.

Leseni binafsi yenyewe ina viwango vinavyojulikana. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, linataka mwanafunzi awe na miaka 17 na aruke saa zisizopungua 40, au 35 akiwa chini ya mtaala ulioidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 awe peke yake ndani ya ndege, kiti cha mwalimu kikiwa kitupu. Afanye pia safari moja ya peke yake ya kilomita 270, atue na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti njiani. Hiyo ni mbali kuliko Singida hadi Dodoma kwa njia ya anga. Marekani wanashikilia saa 40. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wamepandisha hadi 45.

Kwa kuwa nchi karibu zote ni wanachama wa ICAO, na Tanganyika iliingia mwaka 1962, watu hudhani kuna leseni ya dunia nzima. Haipo. Leseni hutolewa na nchi. Ya Marekani inatoka kwa FAA, ya Kenya kwa KCAA, ya kwetu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Tazama herufi za usajili zilizoandikwa ubavuni mwa ndege: zikianza na 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda, N ya Marekani. Leseni ya FAA inamruhusu kijana wetu kurusha ndege ya N. Akitaka kuigusa ya 5H, TCAA lazima iitambue leseni yake au imbadilishie, na kwa kawaida hilo linamaanisha barua ya uthibitisho kutoka nchi iliyoitoa, hati ya afya, mtihani wa sheria za anga na kujaribiwa angani. Kuna pia tofauti ya mitihani. Marekani mwanafunzi wa leseni binafsi hufanya mtihani mmoja wa maandishi wenye maswali 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Uingereza kuna karatasi tisa, kila moja ikidai asilimia 75: sheria, hali ya hewa, uongozaji wa safari, mwili wa binadamu angani, mawasiliano na nyinginezo. Aliyefurahia wepesi wa mtihani mmoja asishangae akiambiwa nyumbani kwamba kuna vitabu vya kurudia.

ANKARA MBILI

Sasa tunaweza kuzungumza shilingi. Vyuo hutangaza bei kwa kiwango cha chini cha saa. Ni wachache wanaomaliza kwa kiwango hicho. Marekani inakubalika kwamba mwanafunzi wa kawaida hufika mtihani wa mwisho akiwa na saa kati ya 60 na 75, na wengi wa hao Kiingereza ni lugha yao tangu utotoni.

Chukua mfano. Ndege ikodishwe dola 200 kwa saa, mafuta yakiwemo, na mwalimu alipwe dola 60. Kwa saa 45, mwalimu akiwamo kwenye 35, ankara ni dola 11,100. Hiyo ndiyo inayowekwa kwenye tangazo. Kwa saa 65, mwalimu akiwamo kwenye 50, inakuwa dola 16,000. Tofauti ni dola 4,900, na kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni zaidi ya milioni 12 ambazo hazikutajwa kwenye kikao cha ukoo. Na bado hatujamlipa mtahini. Marekani mtahini ni mtu wa kujitegemea. Analipwa pembeni, mara nyingi dola mia kadhaa na hata kufikia elfu moja, na foleni yake huweza kuchukua wiki nzima au zaidi huku kijana akilipa pango na chakula. Kuna bima, nauli, ada za viza, vitabu, vifaa vya masikioni. Ukiletewa hesabu isiyo na vitu hivi, irudishe kwa upole uombe ya pili.

Kuna jambo jingine la fedha ambalo naliona kubwa kuliko bei yenyewe, nalo ni kulipa yote mwanzoni. Februari 2008 kampuni ya Silver State Helicopters ya Nevada, iliyokuwa na matawi ya kufundisha urubani wa helikopta katika majimbo mengi ya Marekani, ilifungwa ghafla na kuomba kufilisiwa. Wanafunzi zaidi ya 2,000 walikwama. Wengi walikuwa wamekopa karibu dola 70,000 kila mmoja na fedha zimeshaingia kwenye kampuni. Aprili 2023 huko Dundee, Scotland, chuo cha Tayside Aviation kilichokuwa na jina zuri kwa miaka mingi nacho kilisimamisha kazi, wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Hayo yametokea katika nchi zenye sheria na mahakama za kuheshimika. Mwanafunzi wa huko alirudi kwa wazazi wake na kutafuta chuo kingine. Wa Mtinko angekuwa na viza iliyofungwa kwa jina la chuo kilichokufa.

Kwa hiyo lipa kwa vipande: saa tano, saa kumi, zikiisha ongeza. Chuo kinachotoa punguzo kubwa kwa anayelipa yote leo huenda kinauza punguzo kwa sababu kinahitaji fedha leo. Ubalozi utataka ushahidi kwamba fedha unazo. Hautaki ziwe tayari zimelala benki ya chuo.

Kuna gharama moja ndogo inayotakiwa kutangulia zote, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa. Ni kumwona daktari aliyeidhinishwa na TCAA kabla ya kuuza chochote. Leseni binafsi inataka hati ya afya ya daraja la pili, ya biashara daraja la kwanza. Kama lengo ni kazi, pimwa daraja la kwanza tangu mwanzo. Moyo, masikio, sukari, macho. Kipimo cha rangi, kile cha kusoma tarakimu zilizofichwa katikati ya vidoa, huchukua dakika chache, na kimewahi kuwazuia vijana ambao maisha yao yote hawakujua kwamba wanachanganya nyekundu na kijani. Ni afadhali kulijua hilo ukiwa bado na ng'ombe zizini.

KITUFE CHEKUNDU

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hili halimo kwenye matangazo na ndilo linalomhusu mtu wa Singida kuliko mtu wa Tanga.

Singida na Mtinko ziko juu ya uwanda wa kati, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Urefu huo peke yake unaipunguza hewa. Ongeza joto. Mchana wa Oktoba, kipimajoto kikisoma nyuzi 28, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba kiwanja kimepandishwa hadi zaidi ya mita 2,300. Injini inavuta hewa pungufu, rafadha inashika hewa pungufu, bawa linabebwa na hewa pungufu. Cessna 172, ndege ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia, ikiwa imejaa mzigo wake huko Florida huacha ardhi baada ya mita 300 hivi. Kwenye joto na urefu wa hapa inataka karibu maradufu, na baada ya hapo inapanda kwa uvivu huku miti ya mwisho wa kiwanja ikisogea.

Ndani ya ndege hiyo, chini ya dashibodi, karibu na mkono wa kulia wa rubani, kuna kitufe chekundu. Kazi yake ni kupima mafuta yanayochanganywa na hewa. Mwanafunzi wa pwani ya Florida anafundishwa kukisukuma chote ndani kabla ya kuruka, na kwa kiwanja kilicho usawa wa bahari amefundishwa sawasawa. Akikisukuma chote ndani mchana wa Singida, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, inakohoa, inapoteza nguvu ambayo tayari ilikuwa haba. Hapa unasimama mwanzo wa kiwanja, unaongeza moto, unakivuta kitufe taratibu ukisikiliza mzunguko unavyopanda, ukishuka unarudisha kidogo, ndipo unaachia breki. Ni jambo la sekunde kadhaa. Anayefundishwa juu ya uwanda hulifanya kila asubuhi hadi linakuwa tabia. Aliyesoma pwani hulisoma kwenye kitabu na kulijibu kwenye mtihani.

Halafu kuna upepo. Singida haihitaji kuelezwa upepo. Kwa miaka mingi wawekezaji wamekuwa wakipanga kuweka mitambo ya umeme wa upepo mkoani humu, na kuanzia Juni mpaka Oktoba, vumbi linapotimka mashambani baada ya alizeti kuvunwa, kila mtu anajua ni kwa nini. Kutua upepo ukipiga ubavuni ni ufundi wa mikono na miguu. Kitabu cha Cessna 172 kinataja upepo wa ubavuni wa kilomita 28 kwa saa kama ule uliojaribiwa kiwandani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa miezi miwili ya hali tulivu, kwenye kiwanja chenye njia tatu za kurukia ambapo mnara unakuchagulia iliyoelekea upepo, huenda hajawahi kuuonja.

Ndiyo maana napenda chuo kilicho juu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690, juu kidogo ya Singida. Addis Ababa, ambako shirika la ndege la Ethiopia lina chuo chake, ni zaidi ya mita 2,300. Viwanja vidogo vya kuzunguka Johannesburg viko kati ya mita 1,300 na 1,700. Na anayetaka Marekani kwa vyovyote, Marekani si Florida peke yake: uwanja wa Centennial karibu na Denver, jimbo la Colorado, uko karibu mita 1,800, na hewa yake kiangazi inamfundisha mtu adabu.

NG'AMBO NI WAPI

Sisemi nchi za mbali hazina faida. Marekani mafuta ya ndege ndogo, avigesi, yanapatikana katika viwanja vingi, na viwanja viko maelfu. Huku kwetu avigesi ni ya kutafutwa na ni ghali, na nje ya vituo vichache haipo kabisa. Ndege za kukodi ni nyingi, mafundi wapo, mvua ikinyesha leo kesho unaruka. Uingereza heshima ya leseni ni kubwa, lakini mawingu yake ni ya kweli, na Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Kijana aliyekwenda Oktoba anaweza kukaa chumbani wiki nzima akitazama dirisha na kula akiba ya baba mkubwa.

Marekani kuna mlango mwingine wa kupita. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ambayo baadhi ya watekaji wake walikuwa wamejifunzia kuruka Florida, mgeni hafundishwi urubani kabla ya kuchunguzwa na idara ya usalama wa usafiri na kuchukuliwa alama za vidole. Viza ya masomo ya ufundi, M-1, hutolewa kwa chuo kilichosajiliwa na serikali kupokea wageni, na haimruhusu mwanafunzi kufanya vibarua. Anayesema "nitaosha vyombo jioni nijilipie saa" ajue hilo halipo. Masharti ya viza pia hubadilika na upepo wa siasa, kwa hiyo ya mwaka jana yasitumike kupanga safari ya mwaka huu. Ulizia ubalozini kabla ya kulipa chuo chochote.

Ukiwauliza vyuo maswali, usiulize kama ndege zao ni nzuri. Uliza wana ndege ngapi zinazoruka wiki hii na wanafunzi wangapi, maana ndege mbili kwa wanafunzi 30 ni kukaa foleni. Uliza mwalimu wako ana muda gani hapo. Marekani walimu wengi wanafundisha ili wafikishe saa 1,500 wakaajiriwe na mashirika ya ndege; akifikisha anaondoka, nawe unaanza upya na mgeni anayetaka kuona kwanza unachojua. Mtafute mwanafunzi aliyemaliza, umpigie mwenyewe, na usitosheke na yule uliyepewa namba yake na chuo.

Karibu na nyumbani kuna historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, mashariki ya Uganda, ili Watanzania, Wakenya na Waganda wafundishwe pamoja kwa ajili ya shirika lao la pamoja, East African Airways. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, kila nchi ikabeba chake, na chuo kikabaki Uganda. Kimepita vipindi vya shida, ndege zikipungua na vita vikipita karibu, lakini hakikufa, na bado kinabeba jina la Afrika Mashariki. Soroti iko kama mita 1,100, haina msongamano wa ndege kubwa, na Mtanzania haingii Uganda kwa viza. Mimi naona ni aibu kidogo kwamba kijana wa Singida anaweza kulijua jina la chuo cha Arizona na asilijue la Soroti.

Kuvunjika kwa 1977 hakukuwa mwisho wa habari. Jumuiya iliyofufuliwa iliunda mwaka 2007 wakala wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na moja ya kazi zake ni kuzifananisha kanuni za anga za nchi wanachama. Ndiyo maana leseni ya Kenya au Uganda ikiletwa TCAA haileti mageni mengi. Basi kutoka Singida hupita Babati na Arusha, likavuka Namanga, na kijana yuko Nairobi kwa gharama isiyofika hata ya saa moja ya ndege Marekani. Wilson kuna vyuo kadhaa, na klabu ya marubani ya Afrika Mashariki, Aero Club, ipo Nairobi tangu mwaka 1927. Kuna kelele, kuna foleni ya ndege za watalii wa Maasai Mara, na redio haipumziki. Kwa mwanafunzi hilo ni somo. ICAO inadai Kiingereza cha ngazi ya nne kati ya sita kwa rubani wa safari za kimataifa, na Kiingereza cha redioni hakijifunzwi darasani: mnara unatoa agizo kwa pumzi moja, nawe unalirudia lote kwa pumzi moja, na ukikosea tarakimu moja unasahihishwa mbele ya kila aliye hewani.

Irene Koki Mutungi wa Kenya, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, alianzia hapo hapo Wilson kwa leseni binafsi. Baada ya hapo ndipo alipokwenda Oklahoma City, Marekani, kwa leseni ya biashara, na mwaka 1995 akaajiriwa Kenya Airways. Leseni ya kwanza nyumbani, ya pili mbali. Ni kweli baba yake alikuwa rubani, kwa hiyo maswali ambayo baba mkubwa wa Mtinko anayatafuta, kwao yalikuwa mezani wakati wa chai.

Mpangilio huo ndio ninaoushauri, na sababu yake ni ya hesabu zaidi kuliko uzalendo. Leseni binafsi ni mtihani wa mtu mwenyewe: je, tumbo lake linavumilia, mkono wake unatulia, anapenda kazi hii ikiwa na jasho na harufu ya mafuta? Majibu hayo hupatikana ndani ya saa 10 za mwanzo. Akigundua hapana, na yuko Nairobi au Soroti, anapanda basi. Akigundua hapana akiwa Florida, ameshalipa nauli, viza na pango, na aibu itamfanya aendelee. Hapa nchini pia mambo yanasogea. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimenunua ndege za mafunzo aina ya Cessna 172 kwa ajili ya kufundisha marubani, na kabla ya kuvuka mpaka wowote inafaa kuulizia huko wamefikia wapi, na TCAA wana vyuo gani kwenye orodha yao ya vilivyoidhinishwa.

Faida halisi ya Marekani inakuja baadaye. Mwenye leseni binafsi na saa 50 anahitaji nyingine 150 kukifikia kiwango cha kimataifa cha leseni ya biashara, na saa hizo ndizo zinazokula fedha nyingi kwa sababu ya mafuta. Hapo avigesi isiyo ya kutafutwa, ndege za kukodi bila foleni na hali ya hewa ya Colorado au Arizona zina maana, na kijana anakwenda akiwa rubani tayari, anajua anachonunua, kitufe chekundu anakijua.

Aandike kila safari kwenye logibuku kwa kalamu ya wino: tarehe, herufi za ndege, alikotoka, alikotua, dakika, na sahihi ya mwalimu pale alipokuwepo. Siku atakaporudi na kuipeleka TCAA kubadilishiwa leseni, ofisa atafungua ukurasa wa kwanza na kujumlisha mwenyewe. Saa ambazo hazijumlishiki hazihesabiwi, hata kama zililipiwa kwa ng'ombe.